Kinu cha Nyuklia Kitamuuzia Nani?

*Makala maalumu: Hesabu ya umeme wa atomiki itazamwapo kutoka Lukole, Ngara*

Kando ya barabara kuu itokayo Benaco kuelekea Nyakanazi, mahali ambapo malori ya mizigo ya Kigali hupunguza mwendo kabla ya kupanda kilima, magunia ya mkaa yamesimamishwa juu ya nyasi, kila gunia limejazwa mpaka mdomo, kisha likaongezwa kilemba cha vipande virefu vilivyozungushiwa kamba na kufunikwa majani makavu, ili mnunuzi aone kwa macho yake kwamba kipimo kimezidi. Juu zaidi, kutoka mnara mmoja hadi mwingine, zinapita nyaya za msongo wa kilovoti 220 zitokazo Maporomoko ya Rusumo.

Mama mwenye magunia hayo hazitazami tena nyaya zile. Zinabeba umeme mwingi kuliko unaotumiwa na wilaya za Ngara na Biharamulo zikijumlishwa pamoja, lakini maharage ya usiku wa leo, nyumbani kwake na nyumbani kwa wateja wake, yataiva kwa mkaa.

Katika vilima hivi ndimo ilimokuwa kambi ya Lukole, Lukole A na Lukole B, iliyopata kuhifadhi wakimbizi wapatao laki moja kutoka Burundi, mpaka ilipofungwa mwaka 2008. Kabla ya hapo, mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wanaokadiriwa kufika 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa takriban siku moja, wakaijaza kambi ya Benaco. Halaiki hiyo iliposhukia ardhi ya Wahangaza na Washubi, iliyokuwa ya migomba, maharage na malisho, nishati iliyokuwepo ya kuwapikia wote ilikuwa kuni peke yake. Miti ikatoweka kilima baada ya kilima, na mzigo wa kuni wa kichwani ukawa wa kutafutwa kwa saa nyingi, kwa mama wa kambini na kwa mama wa kijijini sawia.

Mhariri aliponituma kuandika juu ya matarajio na mashaka ya biashara ya umeme wa nyuklia nchini, wenzangu walidhani nitakwenda Arusha, kwenye ofisi za Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, au Namtumbo kwenye urani yenyewe. Nimechagua Ngara. Hapa hapachimbwi urani wala hapajapangwa kinu; lakini hapa pana kituo cha umeme cha mataifa matatu, pana nikeli inayongoja umeme na soko, pana mpaka na nchi iliyoazimia kujenga kinu kabla yetu, na pana kumbukumbu ya ardhi iliyogharimika kwa mambo yaliyoletwa kwa haraka na watu ambao baadaye walikwenda zao.

Rai yangu, ambayo msomaji ana hiari ya kuipima, ni kwamba swali kubwa la biashara hii limo sokoni kabla ya kuwamo maabara: kinu kitamuuzia nani umeme wake, kwa waya upi, na kwa mkataba ulioandikwa na nani?

Sayansi iliyokwisha kuwa mwenyeji

Litajwapo jina la nyuklia, watu wengi huingiwa na hofu, wala si hofu ya bure. Kwani sehemu kubwa ya urani iliyotumika kuiteketeza Hiroshima mwaka 1945 ilichimbwa Shinkolobwe, huko Katanga, katika nchi jirani ya Kongo, na wachimbaji wake hawakuambiwa wanachimba nini wala kwa ajili ya nini. Kongo hiyo hiyo ikapata kinu cha kwanza cha utafiti barani Afrika, kilichojengwa Kinshasa ilipokuwa bado ikiitwa Leopoldville, kikaanza kazi mwaka 1959.

Tanzania kwa upande wake ilijiunga na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki mwaka 1976, ikaunda Tume ya Taifa ya Mionzi mwaka 1983, kisha Sheria Na. 7 ya mwaka 2003 ikaanzisha tume tuliyo nayo sasa. Katika miaka ya 1990 madume wa mbung'o waliofugwa Tanga na kuhasiwa kwa mionzi walimwagwa kwa ndege juu ya Unguja, mamilioni kwa mamilioni, na mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa kwamba hakina mbung'o tena. Mfugaji wa Biharamulo, wilaya iliyojulikana kwa malale tangu enzi za wakoloni, hahitaji kufundishwa faida ya jambo kama hilo.

Aidha mgonjwa wa saratani atokaye Ngara, akipelekwa Bugando mjini Mwanza au Ocean Road, Dar es Salaam, hutibiwa kwa mionzi ile ile ambayo jina lake humtia baridi akiwa nyumbani. Kwa hiyo elimu hii si ngeni kwetu, na sheria yake tunayo, ingawa sheria ya kusimamia mashine za hospitali na vyakula vipitavyo bandarini ni nyepesi mno ikilinganishwa na ile itakayohitajiwa siku kinu cha umeme kitakapojengwa.

Urani peke yake haiwashi taa

Wapo wasemao kwamba maadamu nchi imejaliwa urani, umeme wa nyuklia ni haki yake ya kuzaliwa. Hoja hiyo ina ladha ya uzalendo, lakini yafaa ipimwe.

Mwamba wenye urani husagwa, ukaloweshwa kwa tindikali, ukakamuliwa mpaka ubaki unga wa rangi ya manjano. Unga huo hugeuzwa kuwa gesi. Gesi huzungushwa kwa kasi kubwa katika mitambo maalumu, ili ile sehemu ya urani iwezayo kupasuka na kutoa joto, ambayo kwa asili ni asilimia 0.7 tu, ifikishwe asilimia 3 hata 5. Na mwishowe hushindiliwa kuwa vidonge vidogo vyeusi, vipana kiasi cha ncha ya kidole, ambavyo hupangwa kimoja juu ya kingine ndani ya mirija mirefu ya madini ya zirikoni. Katika safari yote hiyo, Tanzania imeanza kushika hatua ya kwanza pekee.

Hatua hiyo yenyewe imechukua muda. Kampuni ya Mantra ya Australia, iliyokuwa na haki ya urani ya Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, ilinunuliwa mwaka 2011 na kampuni iliyo chini ya Rosatom, shirika la nyuklia la taifa la Urusi, mwaka ule ule wa ajali ya Fukushima. Mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia iliridhia mpaka wa Pori la Akiba la Selous urekebishwe ili kupisha mgodi, jambo ambalo wahifadhi walilipinga na wangali wanalikumbuka, na mwaka 2013 leseni ikatolewa. Kisha kimya.

Kimya hicho kilitokana na bei. Ratili moja ya urani, ambayo mwaka 2007 ilikaribia dola 140, mwaka 2016 ilikuwa imeanguka chini ya dola 20, na haikuvuka tena dola 100 mpaka Januari 2024. Bei ilipopanda, mradi ukafufuka, na tarehe 30 Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua kiwanda cha majaribio cha kuchenjua madini hayo. Kiwanda kikuu kimekusudiwa kutoa hadi tani 3,000 za urani kwa mwaka.

Hapa pana hesabu ambayo ni vema mwananchi aijue. Kinu kimoja cha megawati 1,000 huhitaji takriban tani 200 za urani ghafi kwa mwaka. Maana yake Mkuju ikifikia kipimo chake ingeweza kulisha vinu kama kumi na vitano, ilhali sisi hatuna hata kimoja. Mgodi huo ni biashara ya kuuza nje, na urani iuzwe nje kwa bei nzuri, kwa kodi na mrabaha uliosimamiwa. Lakini mtu asituambie kwamba mgodi umekwisha kutusogeza kwenye umeme. Ufaransa, ambako vinu hutoa zaidi ya nusu ya umeme wote, ilifunga mgodi wake wa mwisho wa urani mwaka 2001, na taa zake hazikuzimika.

Mnunuzi na waya

Wahandisi wa umeme wana kanuni ya kale kwamba mashine moja isizidi takriban sehemu ya kumi ya gridi nzima, kwa sababu mashine hiyo ikizimika ghafla, zilizobaki huelemewa na kuzimika moja baada ya nyingine, kama watu waliobebeshana mtumbwi mabegani na mmoja wao akateleza.

Mahitaji ya juu kabisa ya umeme nchini yamekuwa yakikaribia megawati 2,000. Sehemu ya kumi ya hizo ni megawati 200. Kila moja ya mashine tisa za Bwawa la Julius Nyerere, ambazo jumla yake ni megawati 2,115, ina megawati 235, yaani tumekwisha kufika ukingoni mwa kanuni hiyo kwa maji peke yake. Na kinu cha kawaida cha nyuklia siku hizi kina megawati 1,000 hata 1,200.

> Mashine moja ya kinu cha kawaida ingekuwa nusu ya umeme wote ambao nchi huutumia katika saa yake yenye mahitaji makubwa kabisa.

Kuna jambo jingine linalokera zaidi. Uwezo wa mitambo yote iliyofungwa nchini umepita megawati 4,000, zaidi ya mara mbili ya mahitaji, na bado Machi 2025 Rais alieleza, akiwa Kilimanjaro, kwamba mikoa ya kaskazini itanunuliwa umeme wa Ethiopia upitao Kenya, kwa kuwa umeme unaosafirishwa kutoka kusini mwa nchi hupotea mwingi njiani na kutia hasara. Watu wengi walikasirika. Binafsi naona Rais alisema kweli ambayo mkoa wa Kagera umeijua kwa miongo mingi. Kwani Bukoba iliwashwa kwa umeme wa Uganda, nazo Ngara na Biharamulo ziliwashwa kwa majenereta ya dizeli, ilhali Mtera na Kidatu zilikuwa zikizunguka.

Hata nyaya zilipofika, mnunuzi hakuja na nyaya. Serikali imetangaza kwamba vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa na umeme, na gharama ya kuunganishiwa kijijini imewekwa shilingi 27,000. Hizo ni juhudi za kusifiwa. Lakini mwenye nyumba aliyeunganishwa huwasha taa mbili, huchaji simu na kusikiliza redio, Luku ya shilingi elfu mbili ikamtosha muda mrefu. Kumtoa kwenye mkaa na kumfikisha kwenye jiko la umeme, kama ukusudiavyo mkakati wa nishati safi ya kupikia wa mwaka 2024 unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wamehama ifikapo 2034, ni kazi ya bei, ya sufuria na ya kipato.

Wenye kuamini vinu vidogo hudai kwamba hivyo ndivyo dawa yetu, maana kinu cha megawati 70 au 100 kingeingia katika gridi yetu bila kuitikisa. Hoja hiyo ni ya haki, na Warusi wanavyo viwili vidogo juu ya jahazi la chuma katika bandari ya Pevek, vilivyoanza kazi rasmi mwaka 2020, jumla megawati 70. Walakini yafaa tukumbuke yaliyowapata Wamarekani. Kampuni ya NuScale ilikuwa imepata hata idhini ya usalama kwa vinu vyake vidogo, na miji midogo ya jimbo la Utah na majimbo jirani ikaombwa ijiandikishe kununua umeme. Bei iliyotajwa awali ilipopanda kutoka dola 58 hadi dola 89 kwa megawati-saa moja, miji ikasita, wanunuzi hawakutimia, na Novemba 2023 mradi ukafutwa kabla ya kujengwa. Sayansi haikuwaangusha. Waliowaangusha ni wateja ambao hawakuandikisha majina yao.

Nikeli ya Kabanga na hoja ya viwanda

Wenye kuutaka umeme wa nyuklia hujibu kwamba mnunuzi hawezi kuja kabla ya bidhaa, na kwamba kiwanda hakijengwi mahali ambapo umeme hukatika. Huutaja ukame wa mwaka 2006 na wa 2011, na mgawo wa mwaka 2022 na 2023, wakasema nchi iliyotegemeza sehemu kubwa ya umeme wake juu ya mvua imeweka rehani viwanda vyake. Kinu cha nyuklia hufanya kazi usiku na mchana, masika na kiangazi, wala hakitoi moshi. Hoja hii ina uzito, na mwenye insafu hataidharau.

Ushahidi wao wa karibu uko hapa hapa Ngara. Nikeli ya Kabanga iligunduliwa katika miaka ya 1970. Mwaka 2021 ikaundwa kampuni ya Tembo Nickel, ambayo Serikali ina hisa asilimia 16, na Oktoba mwaka huo leseni maalumu ikatolewa. Kiwanda cha kusafisha madini kikapangwa Kahama, kwenye eneo la uliokuwa mgodi wa dhahabu wa Buzwagi. Mgodi na kiwanda cha namna hiyo vyataka umeme usiolala. Ukivijumlisha na reli ya kisasa na migodi ya dhahabu ya Geita na Shinyanga, unapata wanunuzi wakubwa wa Kanda ya Ziwa ambao kinu kingeweza kuwategemea.

Lakini Kabanga hiyo hiyo ni ushahidi wa upande wa pili. Nusu karne imepita tangu madini yajulikane. Kampuni za kigeni zimekuja na kuondoka, wabia wakubwa wakaingia na kutoka, kwa kadiri bei ya nikeli ilivyopanda na kushuka katika masoko ya mbali. Kinu kikijengwa kwa kuutegemea mgodi, na mgodi ukasimama kwa bei mbaya, deni la kinu halitasimama pamoja nao.

Wapinzani huongeza kwamba nchi ina gesi asilia iliyokadiriwa kufikia futi za ujazo trilioni 57, ina jua la Singida na upepo wake, ina joto la ardhini pale Ngozi, Mbeya. Kwa nini ianze na kilicho ghali na kigumu kuliko vyote? Sijapata kusikia jibu la kuridhisha la swali hilo kwa muda wa miaka kumi ijayo. Kwa miaka thelathini ijayo, idadi ya watu ikiongezeka kama iongezekavyo, jibu laweza kupatikana, na hapo ndipo mjadala wa kweli ulipo.

Mkataba, mkataba, mkataba

Katika kila kilowati ya nyuklia, sehemu kubwa ya gharama ni ya ujenzi. Urani yenyewe ni kidogo. Kwa sababu hiyo mjenzi, au aliyemkopesha, hutaka kwanza ahakikishiwe kwamba umeme utanunuliwa kwa miaka mingi kwa bei iliyoandikwa, upatikane mteja au asipatikane.

Watanzania wanalijua jambo hilo kwa uchungu. Mwaka 1995 Serikali ilifunga mkataba na kampuni ya IPTL wa mitambo ya megawati 100 pale Tegeta, Dar es Salaam, na TANESCO ikajikuta inawajibika kulipia uwezo wa mitambo kila mwezi, iwe inazunguka au imelala. Mashauri yake yakavuka mipaka ya nchi, na mwaka 2014 fedha zake zilizokuwa zimewekwa katika akaunti ya Escrow zikawa sababu ya mawaziri kung'oka. Katikati ya hapo ukaja ukame wa 2006 na mkataba wa umeme wa dharura na kampuni ya Richmond, ambao taarifa yake bungeni ilifuatwa na kujiuzulu kwa Waziri Mkuu, Februari 2008.

> Kama megawati 100 za Tegeta zilitutikisa kwa miaka ishirini, mkataba wa megawati 1,000 wahitaji macho mengi kuliko yaliyoitazama IPTL.

Dunia ina mifano ya kila aina. Misri, kule El Dabaa, inajengewa na Urusi vinu vinne vya megawati 1,200 kila kimoja, kwa mkopo wa dola bilioni 25 unaobeba asilimia 85 ya gharama. Deni ni la Wamisri na kinu ni chao. Uturuki, kule Akkuyu, iliruhusu Warusi wajenge na kumiliki wenyewe, ikaahidi kununua sehemu ya umeme kwa wastani wa senti 12.35 za dola kwa kilowati-saa kwa miaka kumi na mitano. Deni si la Waturuki, wala kinu si chao. Umoja wa Falme za Kiarabu, kule Barakah, uliwaajiri Wakorea kwa mkataba wa mwaka 2009, ukajenga vinu vinne vyenye jumla ya megawati 5,600, cha mwisho kikaanza biashara mwaka 2024, navyo hutoa kama robo ya umeme wa nchi; lakini huko fedha za mafuta zilikuwepo, na viyoyozi vya kuununua umeme huo vilikuwa vikinguruma tayari.

Kwa upande wa hasara, Marekani yenyewe, yenye tajriba kuliko wote, ilianza vinu viwili vipya vya Vogtle, Georgia, kwa makisio ya dola bilioni 14, vikaishia kuzidi bilioni 30 na kuchelewa miaka saba. Wanaolipa ni wateja, katika ankara zao za mwezi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko Afrika Kusini, nchi pekee barani mwetu ambayo hadi sasa inauza umeme wa nyuklia, kutoka Koeberg, tangu miaka ya 1980. Serikali yake ilipotaka kuongeza megawati 9,600 na kuingia makubaliano na Urusi, wanaharakati wawili wanawake, Makoma Lekalakala na Liz McDaid, waliongoza mashirika yao madogo kwenda Mahakama Kuu ya Western Cape, na Aprili 2017 mahakama ikayabatilisha makubaliano hayo kwa kuwa Bunge na wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Hapana aliyesema mle kwamba nyuklia ni haramu. Walisema mwenye kulipa aonyeshwe hati, na mahakama ikakubali.

Sheria ya mwaka 2017 juu ya mamlaka ya nchi kuhusu mali na maliasili zake imelipa Bunge letu uwezo wa kuipitia mikataba ya maliasili. Mkataba wa umeme wa nyuklia, hata kama wahusu mtambo na si madini, wastahili kupita mlango huo huo, hati ikiwa wazi, kabla ya wino na si baada yake. Hasa sasa ambapo Benki ya Dunia, iliyokuwa imekataa kugharimia vinu kwa miongo mingi, imefungua mlango tangu Juni 2025, na wakopeshaji watakuwa wengi zaidi barazani petu.

Wenyeji hubaki

Baina ya 1994 na 2008 Ngara ilionja uchumi ulioletwa. Nyumba za mjini zilipangishwa kwa bei isiyopata kusikika, madereva na wakalimani wakapata kazi katika mashirika ya misaada, wauza ndizi wakapata soko la kambi nzima, Redio Kwizera ikaanzishwa na ingali hewani. Kambi zilipofungwa, mishahara ikaenda na magari yake, ila vilima vilivyokatwa miti havikuweza kwenda. Ujenzi wa kinu huleta maelfu ya wafanyakazi kwa miaka kumi, kisha huacha mia kadhaa wenye elimu ya juu. Kijana wa huko, asiposomeshwa mapema fizikia, uchomeleaji wa viwango na utunzaji wa vifaa, atakuwa mlinzi wa geti.

Na watu wa mahali wakipuuzwa hujibu. Kenya ilikusudia kujenga kinu chake cha kwanza Uyombo, Kilifi, karibu na Msitu wa Arabuko Sokoke na bahari ya Watamu. Wenyeji wakapinga, mwaka 2024 maandamano yakakutana na polisi, na mwaka uliofuata macho ya serikali yakahamia Siaya, kando ya Ziwa Viktoria. Taka za mionzi za hospitali zetu huhifadhiwa Arusha katika ghala maalumu. Taka za kinu ni jambo jingine kabisa, hukaa na ukali wake kwa maelfu ya miaka, na wilaya itakayoombwa kuzipokea ina haki ya kuuliza maswali mengi kuliko Uyombo.

Jirani wa ng'ambo ya mto

Turudi mtoni, pale Ruvubu inapoingia Kagera karibu na maporomoko. Tarehe 24 Agosti 1977, hapo hapo Rusumo, Tanzania, Rwanda na Burundi zilitia sahihi mkataba wa kuendeleza bonde la Kagera, na umeme wa maporomoko ukiwa mbele ya mipango yao. Vita vikapita, wakimbizi wakapita, jumuiya yenyewe iliyoundwa kwa mkataba ule ikavunjwa, na mashine za Rusumo zikaanza kutoa umeme mwaka 2023: miaka 46 kwa megawati 80, zigawanywazo sawa kwa tatu. Mwenye kuahidi kinu kwa muda wa miaka kumi na aisome historia hiyo kwanza.

Hata hivyo Rwanda ina haraka. Imekwisha kupatana na Urusi juu ya kituo cha sayansi ya nyuklia, Septemba 2023 ikafunga makubaliano na kampuni ya Dual Fluid ya kujaribu kinu cha namna mpya, na katikati ya mwaka 2025 Kigali ikawa mwenyeji wa mkutano wa Afrika juu ya vinu. Uganda nayo imetenga Buyende. Nyaya za Rusumo zimekwisha kuziunganisha gridi za nchi tatu, na soko la umeme la Afrika Mashariki linajengwa. Kwa hiyo si ajabu kwamba yuniti ya kwanza ya umeme wa nyuklia itakayouzwa Ngara ikatoka ng'ambo ya daraja, nasi tukawa wanunuzi kabla ya kuwa wajenzi. Kwa bei nzuri, hiyo isingekuwa aibu hata kidogo. Yaweza kuwa njia iliyo rahisi kuliko zote ya kujifunza.

Lakini upepo hauulizwi pasi ya kusafiria, na mto utokao Rwanda hupita mkoa wa Kagera kabla ya kufika Ziwa Viktoria. Baada ya ajali ya kinu cha Chernobyl, mwaka 1986, mataifa yaliandikiana mkataba wa kupashana habari mapema ajali itokeapo; kwa watu wa Rusumo, Benaco na Lukole huo ni mwanzo tu. Wanahitaji kujua ni nani atakayempigia simu Mkuu wa Wilaya ya Ngara, ni vipimo gani vitakavyofungwa mpakani na vitasomwa na nani, ni fidia gani itakayolipwa na serikali ipi endapo maharage na maziwa ya upande huu yatakataliwa sokoni, na bei ya umeme ule itapangwa kwa sarafu gani. Kampuni ya umeme ya Rusumo inamilikiwa na serikali tatu kwa hisa sawa, na meza yake imezoea mazungumzo magumu. Wizara ya Nishati na Tume ya Nguvu za Atomiki ziombe nafasi kwenye meza hiyo mwaka huu, kabla Kigali haijachagua mahali pa kumwaga zege la kwanza.